USHAURI: Friji ya volti 12 kwa mstaafu anayetaka kuishi kwenye Hilux yenye boksi la kulala

Kipepeo wa Njombe
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mstaafu, nimetimiza 60 mwaka huu. Miaka 33 nimefanya kazi ya upimaji ardhi. Nimelala kwenye hema Tunduru, Chunya, Mpanda, Namtumbo, kote huko, lakini mpima haangalii nchi, anaangalia kigingi. Ukishasoma pembe unafunga vyombo, kesho kigingi kingine. Sasa nataka kuiangalia nchi yenyewe.

Nina Hilux ya injini ya 3L, ile ya viti vya mbele tu. Fundi ananitengenezea boksi la kukaa juu ya bodi: kitanda, jiko la gesi la plate mbili, tenki la maji lita 100, kabati. Nia ni kuishi humo na mama watoto miezi ya kiangazi, mvua zikianza turudi nyumbani. Tunaanza Makete, hifadhi ya Kitulo, tunashuka Matamba hadi Chimala, Matema, halafu upande wa Songea, Mbamba Bay, Tunduru, Masasi hadi Mikindani.

Swali langu ni moja: friji gani ndogo ya volti 12 inafaa, isiyozimazima? Nawasilisha.

Jogoo la Shamba
Miaka 60 halafu Kipepeo. Hii nchi ina mambo. Ngoja waje wajuvi, mimi nimekaa paleee.

Dereva wa Tunduma
Shikamoo mzee. Friji iache kwanza, tuongelee hilo boksi. Kama fundi anaunga square pipe na plaiwudi ya milimita 12, ujue anakujengea kibanda cha M-Pesa. Maji lita 100 ni kilo 100. Weka na mtungi wa gesi, godoro, vyombo, wewe na mama. Hilux hiyo ni ya tani moja tu.

Na uzito si kitu, kitu ni urefu wa mzigo. Niliwahi kushuka mlima wa Kitonga nyuma ya pikapu iliyobeba makabati mawili yamesimamishwa. Kwenye kona mzigo ukaanza kuinama taratibu, kama mlevi anayetafuta ukuta. Jamaa anakanyaga breki tu, gia hajarudisha. Harufu ya breki niliisikia hadi kwenye kebini yangu. Aliegemea mlima upande wa kushoto, ndio pona yake, maana kulia ni korongo.

Sasa wewe unasema utashuka Matamba hadi Chimala. Mzee wangu, ile si ndiyo Hamsini na Saba? Kona 57! Watu wanaishuka na gari tupu huku wanasali.

Kipepeo wa Njombe
Marahaba kijana. Hamsini na Saba naijua, nimeishuka na Land Rover ya ofisi tangu ikiwa vumbi jekundu. Fundi nimemwambia juu aweke alumini. Friji je?

Mchumi wa Mtaa
Mzee, hii ndiyo shida ya wastaafu wetu. Julai 2022 kikokotoo cha pensheni kilipokuja na malipo ya mkupuo ya 33% tulilia wote, 2024 wengine wakapandishiwa hadi 40%, sasa hela yenyewe ndiyo hiyo unaipeleka kwenye boksi la bati? Mjomba wangu alichukua kiinua mgongo akanunua Noah ya biashara. Dereva wa kwanza alileta hesabu wiki mbili. Wa tatu alileta funguo tu. Leo Noah iko uani kwa mjomba, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Fuga kuku mapema mzee, usisubiri gari life ndipo wahamie.

Mama Kihesa
Mimi nauliza la wanawake. Mama amekubali kulala ndani ya hilo kopo? Choo kiko wapi?

Kipepeo wa Njombe
Mama anasema safari fupi atakuja, ndefu atanisubiri nyumbani. Choo kuna ndoo ya kubebeka yenye mfuniko, na misheni nyingi ukiomba wanakuruhusu. Nimeuliza friji, wakuu.

Fundi Umeme Mwanza
Ngoja nimjibu mzee, maana kila mtu anajibu la kwake.

Kuna zile za bei rahisi za kuchomeka kwenye tundu la sigara, hazina kompresa. Hizo zinapunguza joto kidogo kulinganisha na nje, basi. Masasi nje 33, ndani utakuta uji. Chukua yenye kompresa. Inakula kama Ah (ampea-saa) 30 hadi 50 kwa siku kutegemea joto. Betri ya lithiamu Ah 100 inatosha na inabaki. Ukichukua ya asidi, ihesabu nusu, ukiikausha kila siku inakufa. Sola wati 200 juu ya boksi. Waya usiwe mwembamba, tumia wa milimita 6, umeme ukipotea njiani friji inajizima usiku wa manane ikidhani betri imeisha. Na fyuzi iwe karibu na betri, sio karibu na friji.

Lakini mzee, kiangazi upande wa Makete na Kitulo nje ni friji tosha. Juni asubuhi nyasi zina barafu.

Mwanajiografia
Na kwa faida ya wengine, maua ya Kitulo ni ya msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi kama Aprili. Ukienda Julai utaona nyasi na baridi. Wanaiita Bustani ya Mungu, lakini na Mungu ana msimu.

Kipepeo wa Njombe
Asante sana Fundi Umeme, hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka. Swali: umeme ukikatika kwa muda wa saa sita au saba, ndani itabaki chini ya nyuzi 8? Na isigandishe. Isigandishe kabisa.

Mama Kihesa
Mzee, mara ya nne hiyo unarudia friji. Majambazi hujayauliza, mafuta hujayauliza, choo nimekuuliza mimi. Sasa unataja na nyuzi. Samaki hawana nyuzi. Ndani ya friji unaweka nini?

Kipepeo wa Njombe
Dawa.

Mama Kihesa
Insulini?

Kipepeo wa Njombe
Hapana. Ya macho.

Dereva wa Tunduma
Mzee, macho ya nani?

Kipepeo wa Njombe
Basi nieleze, ili tusizungushane.

Nina presha ya macho. Iligundulika mwaka juzi nilipokwenda kubadilisha miwani. Daktari alisema mshipa wa fahamu wa jicho la kulia umeshaumia, la kushoto linafuata, kilichopotea hakirudi, matone ni ya kuzuia kilichobaki. Mbele naona vizuri kabisa. Herufi za ukutani nasoma hadi mstari wa mwisho. Kinachopungua ni pembeni. Natumia matone kila usiku, na chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae baridi. Miezi mitatu barabarani ni chupa tatu au nne, ndiyo maana ya friji.

Na kabla hamjanirukia: gari naendesha tangu 1989. Siendeshi usiku. Siendi zaidi ya 60. Fundi nimeshampa milioni nne na fremu imesimama. Sikuomba ushauri wa kuendesha.

Dereva wa Tunduma
Mzee wangu, kwa heshima zote. Kona 57, mzigo mrefu, na kulia huoni. Bodaboda wa kule hapigi honi, yeye ndiye honi. Lini mara ya mwisho umemkosakosa mtu?

Kipepeo wa Njombe
(saa mbili baadaye)
Makambako, mwezi wa tatu. Nilikuwa naingia barabara kuu. Nilitazama kulia, kweupe. Nikaingia. Nikasikia tu kioo cha pembeni kinapasuka, kijana akapita na pikipiki yake anayumba, hakuanguka, akageuka akanitazama. Sikumwona hata kidogo. Si kwamba nilimwona nikachelewa. Hakuwepo, halafu akawepo. Kioo nimekifunga kwa mpira wa tyubu hadi leo. Nyumbani nilisema kimegongwa sokoni.

Jogoo la Shamba
Dah. Nimetoka paleee, nimesogea.

Mama Kihesa
Mama anajua?

Kipepeo wa Njombe
Anajua ni mtoto wa jicho. Nilimwambia likikomaa nitafanyiwa upasuaji. Nilitaka tutembee kwanza.

Mpelelezi Huru
Wakuu, mnaliwa. Hii ni CHAI ya kutunga, leteni maandazi.

Moja: mama yangu anatumia matone ya presha ya macho mwaka wa sita, anaweka kwenye mkoba pamoja na funguo na ugoro. Friji ya nini?
Mbili: nimepitia mada zake za zamani. Mwaka 2019 Kipepeo huyuhuyu aliuliza hapa jukwaani chuo gani kizuri cha diploma ya uuguzi kwa aliyepata D ya fizikia. Mwaka 2021 akaomba ushauri wa kusuka yeboyebo kwa nywele fupi. Leo ni mzee wa vigingi.
Tatu: subirini kesho, ataleta "nimeamua kuuza Hilux, iko vizuri haina tatizo". Dalali huyu.

Mchumi wa Mtaa
Nilihisi tu! Vigingi, hema, machozi. Ameandika kama tamthilia ya redioni.

Jogoo la Shamba
Narudi paleee. Yeboyebo lilitoka vizuri, mzee?

Mfamasia wa Zamu
Mimi sijui kama ni chai, ila la dawa nalijua. Mama wa Mpelelezi pengine anatumia timolol, ile haina shida na mkoba. Ya kudondosha usiku mara moja ni kama latanoprost. Chupa nyingi za latanoprost kabla ya kufunguliwa zinakaa nyuzi 2 hadi 8. Ukishafungua inakaa nje, isizidi 25, na inatumika wiki nne hadi sita tu, kutegemea kibandiko. Zipo na aina ambazo hazihitaji baridi, kwa hiyo soma kibandiko cha yako au muulize anayekuuzia kama akupe hiyo nyingine. Mtu anayetunga chai hajui kusema "isigandishe". Huyo ameambiwa dirishani.

Halafu mzee, kama ni kweli: ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtu mwingine, na hauumi, mtu anashtukia umeshakula. Wewe mwenyewe uligundua kwa bahati ya miwani. Ukisema nyumbani ni mtoto wa jicho, watoto wako hawaendi kupima. Una watoto wangapi?

Kipepeo wa Njombe
Watatu. Mkubwa ana 36.

Mpelelezi, sina cha kuuza. Akaunti hii ni ya binti yangu wa mwisho. Simu hii ilikuwa yake, alinipa aliponunua nyingine, nikaikuta humu imeshafunguliwa. Diploma aliipata, ni muuguzi Mbeya. Yeboyebo muulizeni yeye.

Mpelelezi Huru
Haya, tuseme. Picha ya fremu?

Kipepeo wa Njombe
[picha]
Huyo anayeonekana nyuma ni mbuzi wa fundi, msimhesabu kwenye uzito.

Dereva wa Tunduma
Hiyo ni square pipe ya inchi moja na nusu! Mzee, mwambie akate hadi kimo cha kukaa, usingizi hauhitaji kusimama. Na akimaliza, ipeleke ikaguliwe, kadi ya gari isomeke na umbo jipya, usibishane na trafiki kila kituo.

Kioo naona mpira wa tyubu. Samahani kwa maswali ya jana.

Mama Kihesa
Mzee, subiri. Akaunti ni ya binti. Binti ana simu mpya. Hajaingia humu kwa akaunti hiyohiyo?

Jogoo la Shamba
Uwiii.

Fundi Umeme Mwanza
Mzee upo?

Mama Kihesa
Mzee?

Kipepeo wa Njombe
(siku iliyofuata, saa 1 asubuhi)
Amepiga simu saa kumi alfajiri akitoka zamu. Hakusema kitu kwanza. Halafu akauliza kama dawa ya jana nimeweka. Nikasema nimeweka. Akakata.

Mfamasia wa Zamu
Mwache kwanza, mzee.

Mchumi wa Mtaa
Ila kuku bado ni wazo zuri.

Kipepeo wa Njombe
(siku tatu baadaye)
Habari zenu. Anayeandika ni mwenye akaunti. Baba yuko nje na fundi, wanakata fremu, kelele hapa ni za grainda.

Nimesoma yote, na mama nimemsomea. Amelia kwa lile la sokoni kuliko la macho. Mimi na kaka zangu tumepangiwa kupima wiki ijayo, kila mtu aliko. Kitulo tutakwenda Januari, maua yakiwepo, likizo yangu ikitoka, na usukani ni wangu. Baba anasema Hamsini na Saba atanielekeza kona zote kwa kichwa. Tumegombana hapo, hatujamaliza. Baada ya Matema, yeye anasema ataendelea mwenyewe, mimi nasema hataendelea.

Fundi Umeme, friji ya lita 15 yenye kompresa itaingia chini ya kiti cha abiria au iende nyuma? Baba anataka iwe mahali anapoweza kuifungua bila kugeuka upande wa kulia.

Na yeboyebo lilitoka vizuri.

Fundi Umeme Mwanza
Chini ya kiti haiingii, haitapata hewa. Iweke nyuma, kushoto, mlango ufungukie juu. Nitumie vipimo vya boksi baada ya kukata.

Mzee wa Fursa
Sijasoma kurasa zote. Hiyo Hilux bei ya mwisho ngapi?