Mjadala: kompyuta ya kore nyingi iwe na kerneli moja, au kila kore na yake?

Ndugu zangu, naileta hoja hii ipingwe. Kompyuta yenye kore nyingi za prosesa (vitengo vinavyotekeleza kazi sambamba) iendeshwe kama mtandao: kila kore na kerneli yake, yaani kiini cha mfumo endeshi, zote zikitumiana ujumbe. Ndivyo ulivyoundwa Barrelfish, mfumo endeshi wa majaribio ambao watafiti wa chuo cha ETH Zurich na Microsoft waliutangaza mwaka 2009.

Wanaopinga hutaja Linux, mfumo endeshi wenye kerneli moja na kumbukumbu ya pamoja. Mwaka 2010 watafiti wa chuo cha MIT waliipima kwenye mashine ya kore 48, wakarekebisha palipobana, wakasema bado hawaoni sababu ya kuuacha muundo wa kawaida. Lakini tazameni walivyorekebisha! Vihesabio vilivyokuwa vikigombewa na kore zote viligawanywa, kila kore ikapata sehemu yake ya kuhesabia. Linux ilishaanza safari hiyo zamani. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 lilitegemea kufuli moja kubwa la kerneli nzima, lililoruhusu kore moja tu kuiendesha kerneli kwa wakati mmoja. Kufuli hilo likaja kung'olewa kabisa mwaka 2011. Foleni za kazi nazo zimegawanywa, kila kore na yake. Mfumo unagawanywa vipande vipande, kila panapouma, ilhali uamuzi ungefanywa tangu mwanzo.

Na maunzi yenyewe ndivyo yalivyo. Kore moja ikiandika kwenye kumbukumbu, nakala zilizo kwenye kache (kumbukumbu ndogo za haraka) za kore nyingine lazima zibatilishwe. Huo tayari ni ujumbe, ila mwandishi wa programu hauoni, wala haoni gharama yake.

— Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Kila kerneli ikiwa na nakala yake ya hali ya mfumo, nakala zisipolingana ataamua nani? Programu ikirudisha ukurasa, yaani kipande, wa kumbukumbu, kore zote sharti ziufute kwenye rekodi zao za anwani. Kuzikubalisha zote ni kazi ngumu kuliko kufuli. Na madereva, yaani programu za kuendesha vifaa, nani atayaandika upya?

— La madereva ni zito, sibishi. Ila kuhusu ukurasa, Linux nayo hukatiza kore nyingine na kungoja zijibu. Makubaliano yapo pande zote mbili. Mimi nataka yaandikwe wazi kwenye muundo, ili ujumbe upangwe kulingana na umbali wa kore, jambo ambalo Barrelfish ilifanya. Mwenye vipimo vinavyonipinga avilete.