Ushauri: Baba yuko kwenye kemo ya saratani ya kibofu, tumfanyeje apate nafuu?

Kijana wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa wale mliowahi kuuguza mgonjwa wa kemo, yaani dawa kali za saratani.

Baba yangu ana miaka 67, mtu wa Sengerema. Maisha yake yote ni majaruba ya mpunga na uvuvi. Mwaka jana alianza kukojoa damu, akanyamaza. Alidhani kichocho cha utotoni kimerudi, akanunua dawa dukani, damu ikakata wiki mbili, ikaanza tena. Mpaka tunamleta Mwanza na kuingiziwa kamera, uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye msuli wa kibofu. Madaktari wamepanga kemo kwanza, upasuaji baadaye. Dawa zake ni sisplatini na jemsitabini, mzunguko wa siku 21: siku ya kwanza zote mbili, siku ya nane jemsitabini peke yake. Mzunguko mmoja umeisha, wa pili unaanza Jumatatu.

Kuhusu dawa zenyewe sina swali. Ninaloomba ni jinsi ya kumpunguzia mateso, maana mzee wangu hasemi.

Siku ya dripu anakaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Tumeambiwa anywe maji mengi. Nilimwachia chupa ya lita moja na nusu, saa nane mchana nikaikuta tupu, nikafurahi. Kumbe alikuwa anamimina kikombe kimoja kimoja na kukimwaga kwenye sinki. Mgonjwa wa kiti cha pili ndiye aliyeniambia. Nilipomuuliza akajibu taratibu, "Mwanangu, nikinywa nitakojoa. Na nikikojoa ni moto."

Nyumbani nako, mke wangu ana mimba ya miezi sita na ndiye anayeshinda naye. Baba hataki kabisa mkwe wake aguse ndoo yake ya mkojo. Usiku anaamka kimyakimya kwenda choo cha nje, juzi alitaka kuanguka kwenye ngazi.

La mwisho, tunaishi karibu na soko la samaki la Mwaloni, harufu ya dagaa inaingia ndani alfajiri na mapema. Mtu aliyekula samaki miaka 60 sasa akiisikia anatapika, na inamuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Ananiambia, "Hata ziwa limenikataa."

Naombeni msaada.

Bi Nansio

Pole sana mdogo wangu, na mpe pole mzee. Nimemuuguza mume wangu kwa kemo, yake ilikuwa ya koo, lakini alipewa hiyo hiyo sisplatini.

Kwanza jua kwamba siku ya dripu siyo mbaya kuliko zote. Kichefuchefu chake kizito huja siku ya pili, ya tatu, hata ya nne, mko nyumbani na nesi hayupo. Sisi mara ya kwanza tulikosea: alirudi anacheka, nikaona vidonge vya kuzuia kutapika havina kazi, nikaviweka kabatini. Usiku wa pili alitapika mpaka nyongo. Mpe vidonge kwa saa kama alivyoandikiwa, hata kama anasema yuko sawa. Kama anapewa na bado anatapika, usisubiri tarehe ya kliniki. Rudini waseme wanabadilisha nini, ziko aina kadhaa na nyingine zinachanganywa. Baadhi yake hufunga choo, kwa hiyo papai na uji viwe karibu.

Chakula cha moto kinatoa harufu, cha baridi hakitoi. Ukilielewa hilo umepata nusu ya jibu. Mimi nilikuwa napikia kwa jirani, nasubiri kipoe, ndipo naingia nacho. Viazi vitamu vilivyopoa, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), uji wa ulezi uliopoa wenye ndimu, tikiti. Kidogo kidogo, kisahani cha chai, kila baada ya saa mbili. Mume wangu alikuwa anasema kijiko kina ladha ya msumari. Nikamtafutia cha mti, akala.

Na mhamishe chumba. Dirisha linalotazama Mwaloni lifungwe kabla ya alfajiri, alale upande wa nyuma. Usimwambie kwamba ni sababu ya dagaa. Mwambie huku kuna upepo.

Mwana Magu

Pole mkuu. Huku kwetu kuna mzee anatoa mizizi ya kusafisha kibofu, watu wamepona. Mgonjwa anaitumia sambamba na dripu, haina shida.

Nesi Mstaafu

Mwana Magu, najua umetoa kwa nia njema, ila hapo nakukatalia. Sisplatini inapita kwenye figo na inaweza kuziumiza, ndiyo maana anajazwa maji ya dripu kabla na baada, na kila mzunguko anapimwa figo na damu. Mizizi nayo inapita figo hizo hizo na hakuna anayejua kipimo chake. Figo zikigoma, kemo inasimama. Kama ameshaitumia, daktari aambiwe bila kuogopa kugombezwa.

Sasa kwako Kijana wa Kirumba. Lile la kumwaga maji usimgombeze, lakini Jumatatu waambie kabla kanula, kile kimpira cha dripu kwenye mshipa, haijawekwa. Waambie maneno yake yale yale: nikikojoa ni moto. Inaweza kuwa uvimbe wenyewe, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, na hayo yanapimwa kwa kikopo cha mkojo na kutibiwa. Na akienda kwenye dripu na maambukizi yasiyojulikana, kinga ikishuka yanaweza kusambaa. Maumivu yenyewe pia yana dawa, ila asijinunulie diklofenaki wala brufeni dukani, zinaumiza figo.

Muulize daktari anywe kiasi gani kwa siku, kisha mpe kwa vikombe vidogo saa nzima hadi saa nyingine. Chupa kubwa inamtisha. Omba chupa ya kukojolea ya wanaume na kiti kilicho karibu na choo, au pazia. Mfunike kitenge mapajani. Wazee wengi hawanywi maji kwa sababu ya aibu ya kunyanyuka na stendi ya dripu mbele za watu, maumivu ni sehemu tu.

Mkono ukichoma wakati wa jemsitabini, kitambaa cha uvuguvugu juu ya mshipa kinasaidia sana, muulize nesi akuruhusu. Lakini pakivimba au pakiwa pekundu pale kwenye kanula, mwite nesi dakika hiyo hiyo.

Kuhusu mkeo: baba yako ana haki, ingawa kwa sababu nyingine. Saa 48 baada ya dripu dawa inatoka kwenye mkojo, matapishi na kinyesi. Mjamzito asiguse ndoo hiyo wala mashuka yaliyolowa. Anayemwaga avae glovu, amwage taratibu pasiruke, anawe kwa sabuni. Mzee akojoe ameketi, choo kifunikwe. Nguo zilizolowa zifuliwe peke yake.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zinaweza kushuka sana. Nunua kipimajoto. Joto la mwili likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi hata kama haijafika, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Huku kwetu Kanda ya Ziwa mtu akipata homa tunasema malaria, tunampa mseto na panado, tunalala. Kwa mgonjwa wa kemo usiku mmoja huo unaweza kumuua. Malaria atapimwa huko huko hospitalini.

Masikio yakianza kuvuma, au vidole vikifa ganzi, sema. Wazee huona ni uzee.

Mzee wa Nyakato

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni mgonjwa mwenyewe, kibofu hicho hicho. Yangu ilikuwa ya juujuu, niliwekewa dawa ndani ya kibofu kwa mpira wa mkojo, kila wiki kwa wiki sita, nashikilia saa mbili ndipo nakojoa. Kwa hiyo huo moto anaousema baba yako naujua.

Kijana, baba yako hasemi kwa sababu anakuhurumia. Usimuulize "unajisikiaje baba", atakwambia vizuri. Muulize jambo moja lenye jibu: jana usiku umeamka mara ngapi? Leo umekunywa vikombe vingapi? Hapo atakujibu kweli, kwa sababu ni hesabu.

Kuhusu mkwe: usimlazimishe. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana mipaka yao, na mtu aliyeishi nayo miaka 67 haiachi kwa sababu ya ugonjwa. Mtafute kijana wa kiume, mjukuu au mtoto wa dada, alale chumba kimoja naye. Kopo lenye mfuniko liwe kando ya kitanda, taa ndogo iwake usiku kucha. Mimi aliletwa mpwa wangu, hatukuwahi kuzungumza habari ya kopo. Alfajiri nilikuwa naliona safi mahali pake.

Siku ya dripu msiende ukoo mzima. Mtu mmoja, redio ndogo, basi.

Wa Nyegezi

Nyongeza ndogo: usimpakie bodaboda, zile barabara za mawe ukiwa na kibofu kibovu ni adhabu. Bajaji au taksi, aweke mto. Akitamani kwenda Sengerema kupumzika, kabla ya wiki ya tatu msimruhusu, awe karibu na hospitali. Baada ya hapo si mbali, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusota foleni ya kivuko.

Kijana wa Kirumba

Wakuu, narudi na mrejesho, leo ni siku ya tano tangu dripu.

Niliwaambia yale maneno ya moto. Wakampima mkojo, kweli kulikuwa na maambukizi. Dripu ikaahirishwa siku nane, akapewa antibayotiki. Nilihuzunika kuahirishwa, ila baba alipokunywa kikombe cha kwanza akarudi kutoka chooni akaniambia, "Leo siyo moto. Ni joto tu." Siku ya dripu nilihesabu vikombe tisa vidogo, vyote mbele ya macho yangu.

Nimemleta mpwa wangu kutoka Sengerema, ana miaka 19, analala naye. Kopo na taa vipo. Mke wangu nilimsomea maneno ya Nesi kuhusu mimba, akalia kidogo. Alikuwa anadhani baba mkwe hampendi.

Kutapika, siku ya tatu mara moja tu. Vidonge kwa saa, Bi Nansio, nimeweka alamu. Kwikwi bado zinamsumbua usiku, Nesi, hilo nalo ni la dawa?

Nesi Mstaafu

Mara nyingi ni deksamethasoni, ile anayopewa ya kuzuia kutapika. Ipo kwenye karatasi yake? Waambie siku ya nane, kuna namna ya kupunguza dozi au kubadilisha. Asiache mwenyewe. Na siku hiyo ya nane damu inapimwa kwanza, kwa hiyo muwahi maabara asubuhi msije mkakaa mpaka jioni.

Kijana wa Kirumba

Ipo, nimeiona. Asante sana.

Jana jioni upepo ulikuwa unavuma kuelekea ziwani, akaomba nimpeleke akae kwenye mawe. Tumekaa nusu saa, kitenge magotini. Akauliza bei ya sato siku hizi ni ngapi.