Raba za kizamani: mtumba wa Gikomba au mpya wa mjini?

Mkaazi wa Buruburu: Tujadiliane bila matusi. Nairobi nzima sasa imevaa raba za kukimbilia za enzi zile: New Balance 574 ya 1988, Nike Cortez ya 1972, Asics za miaka ya tisini. Hakuna anayekimbia nazo, labda akifukuzana na matatu. Ukiwa na 3,500 mfukoni, uende soko la mitumba la Gikomba au duka la mjini?

Mimi nasema mtumba unasifiwa kupita kiasi. Watu huangalia ngozi na kusahau soli ya kati, lile povu lililo kati ya kiatu na mpira wa chini. Kuna povu la poliyurethani, ambalo unyevu wa hewani hulila polepole. Miaka ikipita linameguka lenyewe, hata kiatu kikiwa hakijawahi kuvaliwa. Povu la EVA halimeguki hivyo, ila hubonyea likawa gumu. Hiyo 574 inayogombaniwa ina vyote viwili: EVA katikati, poliyurethani pembeni. Basi wewe raukia kamera, yaani zile bora za kuchaguliwa kwanza, bale ifunguliwe ukiona. Juu kitang'aa, lakini umri wa soli huujui. Bonyeza ubavu wa kisigino kwa kidole gumba. Ukiona nyufa ndogondogo au unga mkononi, kirudishe mezani, hata kama kimepakwa rangi nyeupe kikapendeza.

Muuzaji wa Toi: Bosi, hapo kwa kidole gumba nakubali, wateja wangu wote nawaambia wabonyeze. Lakini hiyo mpya ya 3,500 ni gani? Huko Marekani kwenyewe 574 ni karibu dola 100, kabla ya meli na ushuru. Unachouziwa mjini ni feki yenye herufi N ubavuni. Soli yake haina historia, sawa, na haina maisha pia. Mvua ya Aprili ikiipata, gundi inaachia mbele, unatembea kiatu kimefungua mdomo. Mtumba wangu ukiwa mzima umeshajaribiwa na mtu mwingine.

Dada wa Kasarani: Mnabishana kuhusu bei na miguu mmeisahau. Pesa nyingi hupotelea kwenye saizi. Mtu anafika anasema "mimi ni nane" kana kwamba nane ni moja. Adidas ya UK 8 imeandikwa 42 ya Ulaya, sentimita 26.5. Nike ya UK 8 imeandikwa 42.5, sentimita 27. Halafu mitumba ya Marekani na Kanada: US 9 ya kike ni kama US 7.5 ya kiume, na Gikomba hakuna anayekutengea za kike na za kiume. Ndiyo maana mimi nasoma sentimita tu, pale kwenye lebo ya ulimi. Ulimi wa kushoto na wa kulia, tafadhali, pea za mtumba huoana kimakosa.

Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Vaa soksi zako za kila siku, egemeza kisigino ukutani, weka alama kwenye karatasi, upime miguu yote miwili na ufuate ule mrefu. Wenye mguu mpana, Cortez itawabana vidole; msiidanganye nafsi. Kwa New Balance tafuteni 2E kwenye lebo, ndiyo alama ya upana mkubwa; kwa wanaume D ndiyo ya kawaida. Na muuzaji akikwambia "kitajifungua", ngozi itajifungua kwa upana, ndiyo. Urefu hauongezeki hata siku moja.

Limuru Kwetu: Ninyi wote mnatajirisha wageni. Mwaka 2016 Afrika Mashariki ilikubaliana kuachana na mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kutuondoa AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na Kenya ikajitoa kwenye makubaliano hayo ya mitumba 2017. Rwanda ilishikilia msimamo, 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha huo wa ushuru. Bata wana kiwanda hapa Limuru, soko la Kariokor wanashona ngozi. Kwa nini raba ya kwendea kazini itoke ng'ambo?

Mkaazi wa Buruburu: Limuru, hoja yako ni nzito, lakini nionyeshe raba ya Kariokor yenye povu la kisigino nikusaidie kuitangaza. Wanatengeneza sandali na viatu vya ngozi vizuri sana. Kwa mtu anayesimama kaunta kutwa nzima hiyo si raba. Na wewe wa Toi, hujajibu: pea ikimeguka wiki ya pili, unarudisha pesa?

Muuzaji wa Toi: Pesa hairudi, nakubadilishia pea nyingine siku hiyohiyo ukigundua. Wiki ya pili ni yako na Mungu. Ijumaa nafungua bale, njoo na rula na hicho kidole gumba. Dada wa Kasarani, 2E zikitoka nakuwekea, ila niambie sentimita, usiniambie nane.