Tuikatae Uyombo kwa kungoja fyusheni?

MTOA HOJA, SHELA YA MALINDI
Wenzangu, salamu. Tangu watu wa Uyombo, hapa Kilifi, waandamane 2024 kuupinga mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000, barazani pamezuka hoja: tuukatae huu wa kupasua urani, tungoje fyusheni, ile ya kuunganisha viini vya atomi, kwani haina taka za maelfu ya miaka na mafuta yake, yaani kile inachoteketeza, yamo baharini. Mimi mtambo naupinga, tena sana. Lakini tunaandika memoranda ya kuupinga, na hoja hii naihofia. Inasimama au haisimami?

KIJANA WA NGOMENI
Inasimama, kaka. Desemba 2022 Wamarekani kule California walipiga kwa leza za megajuli 2.05 shabaha yenye mafuta ya fyusheni, wakavuna 3.15. Mwaka uliofuata JET, mtambo wa majaribio ya fyusheni wa Uingereza, ikatoa megajuli 69. Na tusiambiwe sayansi kubwa si yetu: setilaiti ya Uhuru ilirushwa Ngomeni 1970.

MWALIMU WA FIZIKIA, GEDE
Mdogo wangu, takwimu zako ni sahihi, ila hizo leza zenyewe zilikula umeme wa megajuli zipatazo 300. Hilo tuliache, huenda likapungua. Tatizo ni mafuta. Baharini mna deuteriamu, aina nzito ya haidrojeni, ambayo ni nusu tu ya mchanganyiko. Nusu ya pili ni tritiamu, haidrojeni nzito zaidi na yenye mionzi. Hiyo kila baada ya miaka 12.3 nusu yake imeshaoza, kwa hiyo usitarajie kuichimba popote. Mtambo wa fyusheni wa megawati 1,000 za joto ungeteketeza kama kilo 56 kwa mwaka. Akiba ya kiraia ya dunia nzima ni makumi machache ya kilo, na sehemu kubwa imetoka kwenye mitambo ya maji mazito ya Kanada. Nayo inapasua urani!

KIJANA WA NGOMENI
Si wataitengeneza kwa lithiamu?

MWALIMU WA FIZIKIA, GEDE
Ndiyo nia. Nyutroni, chembe inayoruka kutoka kwenye fyusheni, ikiigonga lithiamu-6, hupatikana tritiamu na heliamu. Lithiamu-6 ni asilimia 7.5 tu ya lithiamu ya kawaida, basi huongezwa. Na kwa kuwa nyutroni nyingine hupotea, huwekwa beriliamu ya kuzizidisha. Lithiamu yenyewe hufinyangwa kuwa punje za seramiki, yaani kama udongo uliochomwa, za milimita moja au chini yake.

Sasa tazama ndani ya punje moja. Tritiamu imezaliwa katikati ya chembe ya seramiki. Lazima ijipenyeze hadi ukingoni, ipite kwenye vitundu, ifike juu, na hapo juu bado inang'ang'ania. Hupitishwa heliamu iliyotiwa haidrojeni kidogo ili ibadilishane nayo na kuing'oa. Ni kama chumvi iliyoingia kwenye ukuta wa matumbawe: imo, lakini hutoka kwa wakati wake. Punje zikiwa baridi, tritiamu inabaki ndani. Zikizidi moto, chembe zinashikana na vitundu vinaziba. Mionzi nayo huharibu seramiki na kufanya mitego mipya ya kuinasa. Mpaka leo hakuna mtambo wa fyusheni uliojizalishia tritiamu ya kujitosheleza. ITER, mtambo mkubwa wa majaribio unaojengwa Ufaransa, imepangiwa kujaribu vipande tu vya mfumo huo.

MAMA WA WATAMU
Mwalimu, basi nayo ina mionzi? Ikivuja ikaingia hori letu la Mida?

MWALIMU WA FIZIKIA, GEDE
Ina, mama. Tritiamu ni haidrojeni, na haidrojeni hupenya hata chuma kikiwa cha moto. Ikishakuwa maji huchanganyika na maji mengine, huwezi kuichuja. Mionzi yake ni hafifu, haipiti ngozi; hatari ni kuinywa au kuivuta. Ni nafuu kuliko taka za urani, hilo sibishi.

MVUVI WA MAYUNGU
Sasa haya yote ya nini? Sisi tunauliza maji ya moto ya kupozea mtambo yatamwagwa wapi, na samaki wanaozalia kwenye mikoko ya Mida watakwenda wapi. Afisa akija akasema "sawa, fyusheni ikiwa tayari tutaijenga hapo hapo", mtamjibu nini?

MTOA HOJA, SHELA YA MALINDI
Ami umenimaliza. Fyusheni naitoa kwenye memoranda. Zinabaki Mida, maji ya kupozea, na mashamba ya watu wasio na hati.

KIJANA WA NGOMENI
Itoeni. Siku ya kikao nitainuka niiseme mwenyewe.