CRP ya mzee (kipimo cha damu kinachoonesha uvimbe mwilini) imeshuka kutoka 18 hadi 17.4, daktari bado anataka CT skani. Tumrudishe nyumbani?

Binti_Kilosa
Habari za jioni wakuu. Nipo kwenye benchi nje ya wodi, naomba ushauri wa haraka.

Mzee wangu ana miaka 63. Jumapili saa kumi jioni tumbo lilianza kumuuma chini upande wa kushoto, ukimgusa tu anashika mkono wako. Saa mbili usiku tukampeleka zahanati ya mtaani. Chembe nyeupe za damu 6.8, CRP 18. Wakasema ni maambukizi madogo, wakampa siprofloksasini, metronidazoli na diklofenaki ya maumivu, tukarudi.

Leo Jumanne homa imepanda, hata uji hataki. Tumemleta hospitali kubwa: chembe nyeupe 9.1, CRP 17.4. Daktari anahisi ni divatikulaitisi, yaani vifuko vilivyoota kwenye utumbo mpana vimeingia uvimbe, na anataka CT skani leo leo. Kaka yangu, ambaye ndiye mlipaji, anasema CRP imeshuka, chembe nyeupe zipo sawa, hapo wanatafuta hela tu. Bima ya mzee iliisha Machi. Nimsikilize nani?

Fundi Mitambo
Pole dada. Hiyo ni taifodi, mpimeni Widal. Mimi ilinisumbua hivyo hivyo 2019.

Mama Wawili
Nchi hii kila homa ni taifodi au UTI! Mzee anaumwa upande mmoja wa tumbo, Fundi.

Hadubini
Mimi ni mtu wa maabara. Dada, shika karatasi zote mbili. Pembeni ya namba ya CRP pameandikwa nini?

Binti_Kilosa
Ya Jumapili: 18 mg/L, kawaida 0–5. Ya leo: 17.4 mg/dL, kawaida 0–0.5.

Hadubini
Basi haijashuka. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kwa hiyo ya leo zidisha kwa kumi: 174. Mzee ametoka 18 hadi 174 kwa siku mbili. Usimgombeze kaka, hata wauguzi nimeona wakinaswa hapo.

Na ile 18 ilikuwa ya mapema mno. CRP inatengenezwa na ini, huanza kupanda kati ya saa 6 na 12 tangu uvimbe uanze, kilele chake ni kama saa 48. Nyie mlimpima saa nne tu tangu maumivu yaanze.

Dokta wa Zamu
Sijamwona mgonjwa, aliyemshika tumbo ndiye mwenye neno. Ila nipo upande wake.

Kwenye ugonjwa huu CRP ikiwa chini ya 50, kwa mg/L, utumbo kutoboka ni nadra. Ikivuka 150 tunaanza kuhofia jipu, ikivuka 200 tunahofia kutoboka. Nasema tunahofia, maana namba hiyo haikuoneshi uvimbe upo wapi. Nimonia nayo inaweza kuifikisha 174. Na mtu anayemeza steroidi anaweza kuwa na usaha tumboni huku CRP imetulia. CT ndiyo inayoona kama kuna jipu, au hewa imetoka nje ya utumbo. Madaktari wa upasuaji wana ngazi nne za Hinchey tangu 1978, kuanzia jipu dogo kando ya utumbo hadi kinyesi kumwagika tumboni. Mgonjwa wa ngazi ya kwanza na wa nne hawatibiwi sawa hata kidogo.

Chembe nyeupe zisiwatulize. Waafrika wengi tuna nutrofili, yaani aina mojawapo ya chembe nyeupe, chache kuliko viwango vilivyochapishwa kwenye karatasi za maabara, hivyo 9.1 kwa mtu ambaye siku zote ana 4 ni nyingi. Mna FBP yake ya zamani, yaani kipimo cha picha kamili ya damu?

Halafu diklofenaki aache leo. Dawa za kundi hilo zinahusishwa na vifuko hivi kutoboka. Paracetamol inatosha kwa sasa. Na kabla ya CT yenye dawa ya mshipani waulizeni kuhusu kreatinini, figo za miaka 63 zinahitaji kuangaliwa.

Binti_Kilosa
FBP ya mwaka jana alipopimwa presha: chembe nyeupe 4.3! Nimepiga picha karatasi mbili za CRP, nimezungushia mg/L na mg/dL kwa kalamu nyekundu, nikamtumia kaka. Kakaa kimya dakika kama tano, kisha kaniuliza: "Inalipiwa dirisha gani?"

Mama Wawili
Mwambie Mungu ambariki.

Binti_Kilosa
Mrejesho, leo Ijumaa. CT imeonesha jipu la sentimita 2.5 kando ya utumbo, hewa haijatoka nje. Hajapasuliwa, anapata antibiotiki kwa dripu. CRP ya leo 88, na ni mg/L, nimesoma mara tatu. Daktari anasema isingeshuka angerudia CT. Baada ya wiki sita hivi atapimwa kwa kamera, wahakikishe hakuna saratani iliyojificha nyuma ya uvimbe. Asubuhi ameomba uji wa ulezi, akalalamika hauna sukari. Asanteni sana, hasa Hadubini.

Fundi Mitambo
Hongereni. Na Widal ilisomaje?

Mama Wawili
Fundi, nenda kalale.