Biti nimetengeneza mimi, jina limeandikwa la fundi mitambo

Kalamu_Mezani
Wakuu, salaam. Mimi ni msichana, nachana, na biti natengeneza mwenyewe kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kwa kompyuta ya kuomba Mungu isizime kazi ikiwa katikati. Wimbo wangu wa mwisho umetoka na unasikilizwa kuliko yote iliyotangulia. Sasa fungua sehemu ya mtayarishaji: limeandikwa jina la kaka aliyenirekodi sauti na kufanya miksi. Mimi nipo kwenye "msanii" tu.

Biti ile naijua nje ndani. Ile sneya (ngoma yenye mlio mkali) mnayoisikia ni kalamu niliyoigonga mezani, nikairekodi kwa simu, nikakata kimlio cha mwanzo, nikaishusha sauti, kisha nikailaza juu ya mlio wa kofi. Besi niliipanga noti moja moja ili ijae pale ninapovuta pumzi, maana beti la pili nachana bila kituo. Nimefika studio na biti imekamilika, kazi iliyobaki ni kuingiza sauti.

Kaka naye alisafisha sauti, akasawazisha, na akaikata besi baa moja, yaani kipande kifupi cha mapigo machache, kabla ya kiitikio cha mwisho. Pale alipatia, sibishi. Nilipomuuliza kuhusu jina alicheka: "Hiyo kawaida, studio ndiyo prodyuza." Na watu hawaishi kuniandikia, eti nani kakupikia biti, nipe namba yake.

Hatukuandikiana kitu, nililipia kurekodi basi. Je, jina linaweza kubadilishwa wimbo ukiwa umeshatoka? Na nikidai nitaonekana mkorofi? Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Sikio_Kavu
Dada, wimbo unapigwa, jina la nini? Kaza, toa mwingine.

Bi_Mitambo
@Sikio_Kavu jina ndilo linaloleta kazi. Hao wanaoomba namba ya aliyepika biti wanataka kumlipa mtu, na kwa sasa wataelekezwa kwa kaka.

Mdogo wangu @Kalamu_Mezani, linabadilishika. Wimbo ukishapanda mtandaoni, taarifa zake hurekebishwa na aliyeupandisha, kupitia kampuni ya usambazaji aliyoitumia. Anaingia kwenye akaunti, anasahihisha, anasubiri majukwaa yasome upya. Kwa hiyo swali langu la kwanza: nani aliupandisha, wewe au yeye?

Halafu tenganisha haki mbili ambazo watu huzivuruga. Kuna utunzi, yaani mashairi na muziki wenyewe, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa. Kila rekodi hupewa namba ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, na utunzi una namba yake nyingine, ISWC. Wewe umeandika mistari na umetunga muziki, kwa hiyo utunzi ni wako wote, uusajili kwenye chama cha hakimiliki hata kabla hamjamalizana. Kufanya miksi hakumfanyi mtu mtunzi. Rekodi ndiyo ya kuangalia, maana hapo mtu anaweza kujiandika mmiliki na wewe hujui.

Ushahidi unao, tena mzuri. Faili la wimbo kwenye programu lina tarehe. Ile sauti ghafi ya kalamu kwenye simu ina tarehe, na hakuna mwingine duniani mwenye nayo. Zinakili sehemu mbili leo hii, maana kompyuta yenyewe unaiombea.

Na usidhani ni wewe peke yako. Mwaka 2015 Björk, mwanamuziki wa Iceland, aliliambia jarida la Pitchfork kwamba sehemu kubwa ya midundo ya albamu yake ya Vespertine aliitengeneza mwenyewe, kazi ya miaka mitatu. Matmos, kundi la muziki wa kielektroniki, walikuja wiki mbili za mwisho kuongeza midundo juu yake, na bado ikaandikwa kila mahali kwamba albamu nzima ni kazi yao. Matmos wenyewe walikuwa wanasahihisha kwenye mahojiano, hawasikilizwi. Huyo ni Björk! Ule wimbo wa rap wa 1979, "Rapper's Delight" wa Sugarhill Gang, uliofungua chati za Marekani kwa rap, mtayarishaji wake ni mwanamke, Sylvia Robinson. Waulize wachanaji kumi kama wanamjua.

Fundi_wa_Usiku
Mimi nipo upande wa kaka, nirushieni mawe. Narekodi watu kila siku. Kukata besi pale siyo kusafisha sauti, ni kupanga wimbo, na wewe mwenyewe unasema alipatia. Hapo anaweza kuandikwa "utayarishaji wa ziada". Ila kujiandika mtayarishaji mkuu wa biti aliyoletewa imekamilika, hapana. Hiyo "studio ndiyo prodyuza" ni ya enzi ambazo biti ilikuwa inatengenezwa studio palepale, msanii anakuja na daftari.

Ukimwendea, usianze na wizi. Mpe mgawanyo: mtayarishaji wewe, kurekodi na miksi yeye. Wengi tunakubali, tunachogombania ni kutofutwa kabisa.

Kalamu_Mezani
@Bi_Mitambo aliupandisha yeye, kwa akaunti ya studio. Utunzi nitausajili kesho. @Fundi_wa_Usiku "ziada" nampa, ile baa ni ya kwake kweli.

Bi_Mitambo
Basi omba vitu viwili kwa pamoja, jina na umiliki wa rekodi, pamoja na namba ya ISRC. Ukija kuuhamishia kwenye akaunti yako, tumia namba hiyohiyo na faili lilelile la sauti, na kwa kawaida idadi ya waliosikiliza inabaki. Ukipandisha kwa namba mpya unaanza sifuri.

Na wimbo unaofuata, kabla hujavaa hedifoni pale studio, karatasi moja: nani katunga nini, asilimia ngapi, nani mmiliki wa rekodi, saini. Dakika tano tu.

Kalamu_Mezani
Nimeandika hivi, angalieni: "Habari kaka. Samahani kwa usumbufu. Kwenye wimbo wetu naomba sehemu ya mtayarishaji iandikwe jina langu, na wewe uandikwe kurekodi, miksi na utayarishaji wa ziada. Naomba pia ISRC, na mmiliki wa rekodi niandikwe mimi. Faili za biti ninazo zote na tarehe zake."

Bi_Mitambo
Toa "samahani kwa usumbufu". Na "wimbo wetu" andika "wimbo wangu". Ambatanisha picha ya orodha ya faili, faili zenyewe usitume. Tuma kwa barua pepe, siyo kwa sauti ya WhatsApp.

Fundi_wa_Usiku
Na mtajie siku ya mwisho ya kujibu, la sivyo atasema "nitaangalia" mpaka mwakani. Tunajuana.