Naomba ushauri: lazanya ya biringanya inanitoka supu
Wakuu habari za jioni, niko Kigoma hapa Mwanga, mama ana sukari na daktari kamwambia apunguze wanga, sasa mi nikasema ngoja nimpikie lazanya ila badala ya zile tambi bapa nipange vipande vya biringanya, nyama ya kusaga katikati na chizi juu. Aisee ilitoka supu kabisa! Biringanya zilimwaga maji balaa, mama kaonja kidogo akaomba ugali na samaki wake migebuka (ugali ndo wanga uleule tunaoukimbia).

Oveni sina, napalia mkaa juu ya sufuria kama wali. Nasikia unakata nyembamba unanyunyizia chumvi nusu saa afu unakausha na kitambaa, hiyo inatosha au nizibabue kwanza kwenye kikaango cha chapati? Na kabichi je, kuna aliyejaribu?